Hela ya Shangazi Haikuwa Zawadi: somo kuhusu mafao ya nyumbani, kodi ya Marekani na ritani iliyochelewa

Wanachuo wenzangu, makala hii naiandika kama somo, lakini inaanza na kosa langu mwenyewe. Katika kozi ya mbinu za kufundishia tunaambiwa mwalimu asiingie darasani na kitu asichokijua. Mimi niliingia, tena darasa lenyewe lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, shangazi yangu, na ada ya somo ililipwa na yeye.

Shangazi anaishi Houston, jimbo la Texas. Alikwenda Marekani mwaka 2014 kwa bahati nasibu ya viza, akiwa na miaka 52, na ana kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wengi tunaiita grini kadi. Kabla ya hapo alifanya kazi Dar es Salaam miaka 13, akisimamia ghala la kampuni binafsi, na kila mwezi alikatwa mchango wa hifadhi ya jamii. Mwaka 2022 alitimiza miaka 60. Akaja likizo, akajaza fomu, na kwa kuwa miaka 13 ni miezi 156 tu, hakufikisha miezi 180 inayotakiwa ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi. Akalipwa mkupuo: shilingi 34,500,000. Hela iliingia kwenye akaunti yake ya benki hapa hapa Dar, Oktoba 2022.

Hiyo hela ilifanya kazi. Iliezeka nyumba ya bibi, ikalipa deni la hospitali, na ikaziba pengo la ada yangu ya mwaka wa kwanza ambalo mkopo wa serikali haukuliziba. Ndiyo maana siwezi kuisimulia habari hii kama mtu wa pembeni. Nimekaa kwenye viti vya chuo hiki kwa hela hiyo.

Machi 2023 Shangazi akanipigia. Kule msimu wa kodi ulikuwa umefika, wenyewe wanasema "kufaili taksi". Rafiki yake wa kazini alikuwa amemwambia kwamba mafao ya nje nayo yanaripotiwa. Akaniuliza: "Baba, wewe unasoma. Hizi hela za huku nyumbani nazo niziandike?"

Nilikuwa nimemaliza semesta moja, najiona msomi. Nikamjibu bila hata kufungua kitabu: "Shangazi, hiyo ni michango yako mwenyewe. Hela yako inakuwaje mapato? Halafu haijaingia hata Marekani."

Rafiki yake alisema hivi, mimi nikasema vile. Akabaki katikati. Mtu akibaki katikati kwenye mambo ya kodi, kinachotokea ni kimoja: hafanyi kitu. Hakuwasilisha ritani ya mwaka 2022. Mwaka uliofuata aliona aibu kuwasilisha ya 2023 wakati ya 2022 haipo, akaiacha nayo. Mwishoni mwa 2024 ikaja barua kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikisema hawaoni ritani yake ya 2022. Mwajiri wake alikuwa ameshawapelekea taarifa ya mshahara, kwa hiyo walijua fika kwamba yupo na anafanya kazi.

Alinitumia picha ya barua ile saa tisa usiku. Chini yake aliandika neno moja: "Baba?"

Kosa la kwanza: "Haijaingia Marekani"

Tuanze na jibu langu la pili, maana ndilo rahisi kulivunja.

Marekani inawatoza kodi raia wake na wenye kadi ya ukaazi wa kudumu kwa mapato yao ya dunia nzima. Haiangalii hela imepatikana wapi wala imelala benki ya nchi gani. Ukilipwa Dar, ukaitumia Dar, ikaishia kwenye mabati ya nyumba ya bibi Mbeya, bado ni mapato yako ya mwaka ule uliolipwa. Kwa hiyo hela ya Oktoba 2022 ilikuwa mali ya ritani ya 2022.

Msishangae sana. Hata Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 humtoza mkaazi kwa mapato yake ya ndani na ya nje, isipokuwa yule ambaye ukaazi wake wote hapa haujazidi miaka miwili. Tofauti kubwa ya Marekani ni kwamba raia na mwenye kadi hubaki ndani ya wavu huo hata wakihamia nchi nyingine.

Kuna watu wengine husema: "Basi kuna mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili." Ipo mikataba ya namna hiyo. Marekani inayo na Uingereza na Kanada, na kwa Afrika inayo na Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini. Na Tanzania haina. Na Kenya haina. Aliyechukua mafao Dar au Nairobi hana mkataba wa kujifunika.

Kosa la pili: "Ni michango yangu mwenyewe"

Hili ndilo nililiamini kwa moyo wote, na ndilo lenye somo lenyewe. Nitalieleza kwa kibubu.

Chukua vibubu viwili. Cha kwanza unaweka hela uliyoilipia kodi tayari. Umelipwa mshahara, serikali imechukua chake, kilichobaki unatia kibubuni. Siku ukikivunja, ile uliyotia ni yako, haitozwi tena. Kilichozidi, yaani faida, ndicho kipato kipya.

Kibubu cha pili ni tofauti. Unatia hela kabla kodi haijakatwa. Serikali imekwambia: "Weka kwanza, tutaonana mbele." Siku ukikivunja, hakuna hata senti iliyowahi kulipiwa kodi.

Sasa jiulize, mchango wa hifadhi ya jamii Tanzania ni kibubu kipi? Tazama hati ya mshahara ya mzazi wako. Mwajiriwa wa sekta binafsi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anayekatwa asilimia 10, mchango wake ni 100,000. Kodi ya PAYE haikokotolewi kwenye 1,000,000. Inakokotolewa kwenye 900,000. Mchango umetoka kabla ya kodi. Na ile sehemu anayoweka mwajiri haikupita mkononi mwa mfanyakazi kabisa. Ni kibubu cha pili.

Sheria ya kodi ya Marekani ina kifungu kinachozungumzia jambo hili hili, kifungu cha 72(w), kilichoingizwa mwaka 2004. Kwa lugha nyepesi kinasema: kama michango iliwekwa wakati mtu si mkaazi wa Marekani, kwa kazi aliyoifanya nje, na michango hiyo haikutozwa kodi Marekani wala nchi nyingine yoyote, basi haihesabiwi kuwa mtaji uliolipiwa kodi. Siku ya kuitoa inatozwa.

Shangazi hakukatwa kodi wakati wa kuchangia. Hati yake ya malipo ya 2022 nayo haikuonyesha makato ya kodi. Maana yake hela ile ilikuwa imevuka bahari ya miaka 13 bila kulipiwa kodi popote. "Hela yako inakuwaje mapato?" Inakuwa hivyo.

Nilipoelewa hili nilitoka nje ya maktaba nikakaa kwenye ngazi. Sikukosea kidogo. Nilikosea kinyume kabisa.

Hapa niwaonye wenye ndugu ambao hali yao ni tofauti. Mtu aliyechangia kwa hela iliyokwisha kutozwa kodi anayo haki ya kutoa mtaji wake kwenye hesabu, lakini lazima awe na karatasi za kuthibitisha. Na kama hela ilikatwa kodi huku wakati wa kutolewa, kodi hiyo inaweza kudaiwa kama nafuu kwenye fomu 1116. Shangazi hakuwa na kimoja wala kingine.

Inaandikwa wapi?

Mfuko wa pensheni wa Marekani ukikulipa, unakupa fomu iitwayo 1099-R, na nakala inakwenda IRS. Mfuko wa Tanzania hautoi fomu hiyo. Wengi wanadhani kukosa fomu ni kukosa wajibu. Sivyo. Fomu ni ukumbusho tu. Wajibu unatokana na hela.

Kwenye ritani ya 1040 ya mwaka 2022, pensheni huandikwa mstari wa 5a na 5b. Mstari wa 5a ni jumla, wa 5b ni sehemu inayotozwa. Ikiwa yote inatozwa, kama ya Shangazi, 5a inaachwa wazi na kiasi chote kinaandikwa 5b. Mstari wa 6 unaosema mafao ya hifadhi ya jamii si wa kwetu. Ule ni wa hifadhi ya jamii ya Marekani, yenye nafuu zake. Mfuko wa nchi nyingine, hata kama jina lake lina maneno "hifadhi ya jamii", huhesabiwa kama pensheni ya nje.

Jambo jingine: msamaha wa mapato ya kazi ya nje, ambao Wamarekani wanaofanya kazi ng'ambo huutumia, haugusi pensheni. Ule ni wa mshahara na kipato cha jasho la mwaka huo.

Na ritani iliyochelewa hujazwa kwenye fomu za mwaka wake. Ya 2022 inajazwa kwenye fomu za 2022, kwa viwango vya kodi vya 2022. Huchukui hela ya 2022 ukaichomeka kwenye ritani ya mwaka huu ili uonekane umeiripoti.

Tuhesabu pamoja

Kwa ruhusa ya Shangazi natumia tarakimu zake, nimezilainisha kidogo ili hesabu ikae vizuri.

Kwanza tunabadili shilingi kuwa dola. Kanuni ni kutumia kiwango cha wakati hela ilipopokelewa, au kiwango kingine kinachokubalika, bila kurukaruka. Tuchukue shilingi 2,300 kwa dola. 34,500,000 gawanya kwa 2,300 ni dola 15,000.

Mshahara wake wa mwaka huo: dola 36,000. Hana mume, hana tegemezi kule. Punguzo la kawaida kwa mtu mmoja mwaka 2022 lilikuwa dola 12,950.

Bila mafao: 36,000 toa 12,950 ni 23,050. Asilimia 10 ya dola 10,275 za kwanza, kisha asilimia 12 ya zinazobaki. Kodi ni takriban dola 2,560. Mwajiri alikuwa ameshakata karibu kiasi hicho hicho. Angewasilisha hivyo, angekuwa hadai wala hadaiwi.

Pamoja na mafao: 51,000 toa 12,950 ni 38,050. Kodi ni takriban dola 4,360. Tofauti ni 1,800, ambayo ni asilimia 12 ya 15,000. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo inaishia hapo. Angekuwa jimbo lenye kodi yake, kungekuwa na hesabu ya pili.

Dola 1,800. Hicho ndicho kitu tulichokuwa tunakikimbia. Si hela ndogo kwa mtu anayehudumia wazee kwa zamu za usiku, lakini angeilipa Aprili 2023, yangekuwa yamekwisha.

Sasa tuongeze uchelewaji. Adhabu ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya kodi isiyolipwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, mwisho asilimia 25. Adhabu ya kutolipa ni nusu asilimia kwa mwezi, nayo mwisho wake asilimia 25. Zikikutana mwezi mmoja, ya kwanza hupungua hadi asilimia 4.5. Miezi mitano ya 4.5 ni asilimia 22.5, yaani dola 405. Lakini kuna kiwango cha chini: ukipita siku 60, kwa ritani zilizopaswa kuwasilishwa mwaka 2023, adhabu haishuki chini ya dola 450 au kodi yote unayodaiwa, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo ni 450.

Ritani iliwasilishwa Februari 2025. Kutoka tarehe 18 Aprili 2023 ni miezi 22. Nusu asilimia mara 22 ni asilimia 11, yaani dola 198. Jumla ya adhabu ni dola 648, na juu yake riba ambayo kiwango chake hupangwa upya kila robo mwaka.

Ritani ya 2023 ilikuwa nyepesi. Mwaka ule hakuwa na mafao, na mwajiri alimkata zaidi kidogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anadai. Asiyedaiwa kodi hana adhabu ya asilimia. Ila urejeshaji nao una ukomo: ukikaa zaidi ya miaka mitatu bila kuwasilisha, hela yako inabaki kwao.

Akaunti nayo ina fomu yake

Kodi ni jambo moja, kuripoti akaunti ni jambo jingine. Wengi huyachanganya.

Mkaazi wa Marekani ambaye akaunti zake za nje, zikijumlishwa, zimepita dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, anatakiwa kuwasilisha taarifa iitwayo FBAR. Haiendi na ritani. Inatumwa kwa njia ya mtandao kwa kitengo cha Hazina kiitwacho FinCEN, na mwisho wake ni tarehe 15 Aprili, na nyongeza ya moja kwa moja hadi 15 Oktoba. Haitozi kodi, inataja akaunti tu: benki gani, namba gani, kiasi cha juu kilichowahi kuwemo. Kwa FBAR, shilingi hubadilishwa kwa kiwango cha Hazina cha mwisho wa mwaka.

Akaunti ya Shangazi ilifika shilingi milioni 34 na nusu kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zinatosha. Mwaka 2023 salio lilikuwa limeshuka chini sana, kwa hiyo FBAR ilidaiwa ya 2022 pekee. Fomu nyingine ya mali za nje, 8938, haikumhusu. Kwa mtu asiye na ndoa anayeishi Marekani inaanza dola 50,000 siku ya mwisho ya mwaka, au 75,000 siku yoyote ndani ya mwaka.

Msiidharau FBAR. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bittner, mfanyabiashara ambaye hakuwa ameripoti akaunti zake kwa miaka mitano. Serikali ilihesabu faini kwa kila akaunti, akaunti 272, ikapata dola milioni 2.72. Mahakama, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema kwa asiyekusudia faini ni kwa kila taarifa isiyowasilishwa, si kwa kila akaunti. Ikashuka hadi dola 50,000. Hata baada ya kushuka, piga hesabu mwenyewe: ni dola 10,000 kwa taarifa moja ambayo haina kodi ndani yake.

Kwa bahati nzuri upo utaratibu wa FBAR zilizochelewa. Kama mapato yanayohusika yameripotiwa na kodi yake kulipwa, na IRS haijaanza kukuchunguza wala kukuandikia kuhusu taarifa hizo au kudai ritani za miaka hiyo, kwa kawaida faini haitozwi. Unaituma, unataja sababu ya kuchelewa, basi. Lakini kuna neno moja pale la kutiliwa mkazo: sababu. Na hapo ndipo familia yetu ilipojaribiwa.

"Andika ni zawadi"

Baada ya ile barua tulifanya kikao cha familia kwenye simu. Ndugu mmoja, mtu mzima ambaye ninamheshimu, akatoa wazo. Kule Marekani zawadi kutoka kwa ndugu wa nje si mapato. Ni kweli. Anayepokea hatozwi, na hata taarifa yake inaanza kutakiwa inapozidi dola 100,000 kwa mwaka. Akasema: "Aseme tulimchangia. Msiba wa babu, harusi, chochote. Nani atakuja huku kuuliza?"

Simu ikawa kimya. Nitasema ukweli: mimi niliona ni wazo zuri. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, maana kosa lilikuwa langu na hela ilikuwa ya kwake. Hata nikaanza kufikiria ujumbe gani tungetumiana ili ionekane tulichanga.

Shangazi akauliza swali moja: "Kwenye ile karatasi, pale chini pa kusaini, pameandikwaje?"

Pameandikwa kwamba unatamka, chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo, kwamba yaliyomo ni kweli na kamili kwa kadiri unavyojua.

"Basi hapana," akasema. "Kusahau nimesahau, na kuogopa nimeogopa. Hayo nitayaandika. Lakini michango ni jasho langu la ghalani, siwezi kuisaini kama zawadi ya mtu."

Wenzangu, angalieni pia upande wa sheria. Kuchelewa kwa kutojua, kwa hofu au kwa uzembe kuna mlango. Kudanganya kunaufunga mlango huo. FBAR isiyowasilishwa kwa makusudi ina faini inayoweza kufika nusu ya kiasi kilichokuwa kwenye akaunti. Ile hati ya malipo ya mfuko ipo, na taarifa ya benki inaonyesha hela imetoka wapi. Kwa kuokoa 1,800 tungemfanya mtu mwenye kosa dogo awe mtu mwenye kosa kubwa.

Kilichofanyika, hatua kwa hatua

Shangazi alimtafuta mtaalamu wa kodi aliyeidhinishwa kuwakilisha watu mbele ya IRS, mwenye uzoefu wa mapato ya nje. Kazi yangu ilikuwa karatasi za huku. Kwa faida ya mwenye ndugu kama wangu, hizi ndizo tulizokusanya:

Moja, hati ya malipo ya mafao, yenye tarehe na kiasi.

Mbili, taarifa ya michango yote ya miezi 156.

Tatu, hati za mshahara chache za zamani zinazoonyesha kwamba mchango ulikatwa kabla ya PAYE. Hizi zilitoka kwenye sanduku la bati la bibi, chini ya vitenge.

Nne, taarifa ya benki ya mwaka 2022 mzima. Humo tulikuta na riba kidogo, ambayo benki ilikuwa imeikata kodi ya zuio ya asilimia 10. Nayo ikaripotiwa, pamoja na lile swali la Jedwali B linalouliza kama una akaunti nje ya nchi. Akajibu ndiyo.

Tano, barua fupi ya maelezo. Aliniambia kwa Kiswahili, nikaandika, naye mtaalamu akaiweka kwa Kiingereza. Ilisema kwamba alipewa ushauri wa pande mbili, akaamini usio sahihi, akaogopa, akachelewa. Sikutajwa kwa jina. Iliandikwa "ndugu".

Ritani mbili zikawasilishwa, FBAR ikatumwa, na Shangazi akalipa 1,800 siku ile ile ili riba isiendelee kupanda. Kisha akaomba nafuu ya mara ya kwanza. IRS inayo: kama miaka mitatu iliyotangulia ulikuwa msafi, hukuwa na adhabu, na ritani zako zote zimekamilika na kodi imelipwa au umepanga namna ya kuilipa, unaweza kuomba uondolewe adhabu za kuchelewa. Ritani za 2019, 2020 na 2021 zilikuwa zimewasilishwa kwa wakati. Akaondolewa zile 648. Riba ya kodi yenyewe haisamehewi kwa njia hiyo, hivyo aliilipa.

Angekuwa aliwasilisha ritani ya 2022 kwa wakati ila akaacha mafao nje, njia ingekuwa nyingine: kurekebisha kwa fomu 1040-X, na pengine kuingia kwenye utaratibu maalumu wa IRS wa ritani za miaka mitatu na FBAR za miaka sita, wenye kiapo kwamba hukukusudia. Asiyewasilisha kabisa na aliyewasilisha pungufu hawapiti mlango mmoja. Ndiyo maana nasema mtafute anayejua, kabla hujasaini chochote.

Kwa nini nawaambia ninyi

Kwa sababu sisi ndio tunaoulizwa. Kwenye familia nyingi, mtoto aliyefika chuo ndiye wakili, ndiye daktari, ndiye mhasibu. Simu ikilia tunajibu, na tunajibu haraka kwa sababu tunaona aibu kusema "sijui". Shangazi hakunihitaji nijue kodi ya Marekani. Alihitaji nimwambie: "Shangazi, hili silijui, muulize anayelijua." Sentensi hiyo ingemwokolea karibu miaka miwili ya kulala vibaya.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika makala hii, nilimpigia, nikamsalimu, nikamsomea kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye sanduku la bati la bibi alicheka. Mwisho akasema: "Sawa baba, andika. Ila waambie na wewe ulipewa ada."

Nimewaambia.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu. Si mtaalamu wa kodi, na sasa anakiri hivyo mapema.*